Muflisi Aachiwe Nini? Mali Ambayo Mdai Haigusi



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W), Mwenye kutoa na kuzuia, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahli zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zangu wanafunzi, kaka na dada, safari hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo watu wengi hulizungumza kwa kunong'ona: kufilisika. Neno lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, na lina ukoo mmoja na fulusi. Wanachuoni wa lugha wamelieleza kwamba mtu aliyekuwa na dinari za dhahabu na dirhamu za fedha amebakiwa na fulusi tu, yaani visarafu vya shaba visivyonunua kitu. Katika fiqhi, muflisi ni yule ambaye madeni yake yaliyofika muda wake yamezidi mali yake yote. Si lazima awe mikono mitupu. Anaweza kuwa na nyumba, vyombo na bidhaa, lakini ukikusanya vyote na kuviuza bado deni halitalipika.

Swali langu leo ni hili: mtu wa namna hiyo, wadai wake wanaruhusiwa kuchukua mpaka wapi? Je, wamwachie nini?

Swali hili sikulitunga. Ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza aliniuliza baada ya darsa ya fiqhi. Baba yake ni fundi cherehani, amelemewa na madeni ya vitambaa, na mdai mmoja ameapa kuja kuchukua cherehani. Ndugu yetu alitaka kujua kama mtu huyo ana haki. Nikasema moyoni kwamba wengi humu chuoni tunakula na kulipiwa masomo kwa jasho la wazazi wanaouza Ruvumera, Jabe na Siyoni, na si vyema tujue hukumu za wudhu peke yake tukawa hatujui hukumu za jambo linaloweza kuingia nyumbani mwetu kesho.

KUFILISIKA SI DHAMBI KWA NAFSI YAKE

Kwanza tuondoe fikra moja mbaya. Wapo wanaodhani kila aliyefilisika ni mwizi au mvivu. Sisi watu wa Bujumbura hatufai kuwa na fikra hiyo. Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la mji wetu liliungua asubuhi. Maelfu ya wafanyabiashara walikuwa na bidhaa ndani yake, na wengi wao walikuwa wamezinunua kwa mikopo. Mtu alilala Jumamosi akiwa tajiri wa mtaa, Jumapili adhuhuri akawa na deni bila ya duka. Ndugu zetu wa Dar es Salaam walionja jambo hilo soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021. Na Machi 2022, pikipiki, bajaji na baiskeli za abiria zilipozuiliwa kuingia katikati ya mji wetu, aliyekuwa amekopa ili anunue chombo alibaki na deni lile lile na njia ya kulilipa imefupishwa.

Katika zama za Mtume (S.A.W) yalitokea mfano wa hayo. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Said al-Khudri (R.A) habari ya mtu aliyenunua matunda, yakapatwa na msiba, madeni yakamwelemea. Mtume (S.A.W) hakumkemea. Aliwaamrisha watu wamtolee sadaka. Wakatoa, lakini kilichopatikana hakikufika kiasi cha deni. Hapo ndipo alipowaambia wadai wachukue walichokikuta na kwamba hawana zaidi ya hicho.

Tuizingatie hadithi hii, maana ndiyo nguzo ya mlango mzima. Ina mambo matatu. La kwanza, jamii inaitwa kusaidia kabla ya mali kugawanywa. La pili, wadai wana haki ya kweli katika kile kilichopo. Hawakuambiwa waende zao mikono mitupu. La tatu, haki hiyo ina mpaka: hawawezi kumshika mtu mwili wake, wala kumfunga, wala kumtumikisha kwa sababu ya kile ambacho hana. Na Qur'ani katika Suratul Baqara, aya ya 280, imeamrisha kwamba mdaiwa akiwa katika dhiki angojewe mpaka apate wasaa, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi.

NANI ANAYEFILISI?

Jambo la pili ni kwamba kufilisi si kazi ya mdai. Kwa jamhuri ya wanachuoni ni kazi ya hakimu. Wadai wanamwendea, wanathibitisha madeni yao, na hakimu akiona madeni yamezidi mali anamwekea mdaiwa hajri, yaani anamzuia asiitumie mali yake kwa namna itakayowadhuru wadai. Kisha mali inauzwa na thamani inagawanywa. Imam Abu Hanifa hakuona kwamba mtu mzima mwenye akili awekewe hajri kwa sababu ya deni, lakini wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad, walikubaliana na jamhuri. Imepokewa pia kwamba Mtume (S.A.W) aliiuza mali ya Muadh bin Jabal (R.A) kwa ajili ya deni lake, ijapokuwa wataalamu wa hadithi wameizungumza sanadi yake. Na katika Muwatta ya Imam Malik imo habari ya Sayyidna Umar (R.A), ambaye aliwatangazia watu habari ya mtu wa kabila la Juhayna aliyekuwa akinunua ngamia kwa deni na kwa bei kubwa mpaka akafilisika, akawaita wenye kumdai waje asubuhi wagawane mali yake, na papo hapo akawaonya watu juu ya deni: mwanzo wake ni huzuni na mwisho wake ni ugomvi.

Ugawaji wenyewe ni kwa uwiano. Tuseme mtu anadaiwa faranga milioni 10: mdai wa kwanza milioni 5, wa pili milioni 3, wa tatu milioni 2. Mali yake imeuzwa ikapatikana milioni 4. Hiyo ni sehemu 40 katika kila 100 ya deni. Basi wa kwanza anapata milioni 2, wa pili milioni 1 na laki 2, wa tatu laki 8. Hapewi zaidi mwenye sauti kubwa, wala aliyewahi kufika mlangoni alfajiri na vijana wanne. Mdai anayeingia nyumbani kwa mtu na kubeba kitu kwa nguvu amewadhulumu wawili: mdaiwa, na wadai wenzake ambao nao walikuwa na fungu katika kitu kile.

MALI ISIYOKUWA YAKE HAIINGII

Kabla ya kuuliza muflisi aachiwe nini katika mali yake, tuulize ipi ni mali yake. Hapa ndipo dhuluma nyingi hutokea.

Amana si mali yake. Pesa za upatu zilizowekwa kwake na wenzake, au cherehani ya mtu iliyoletwa kutengenezwa, hurudi kwa wenyewe. Wadai hawana kitu humo.

Mali ya mke si mali yake. Mahari ni ya mwanamke kwa maandiko ya Suratun Nisaa, aya ya 4, na dhahabu yake, mtaji wake wa vitenge na urithi aliopata kwa babake ni vyake. Dada zangu, lisikieni jambo hili vizuri: deni la mume halimfungi mke isipokuwa kama mwenyewe alijitia kuwa dhamini. Bali mara nyingine mke ni mmoja wa wadai, ikiwa mahari yake hayajalipwa na muda wake umefika. Lakini upande wa pili nao usikike: mali ya mume haigeuki kuwa ya mke usiku mmoja kwa sababu wadai wanakuja kesho.

Bidhaa ambayo mwenyewe hajalipwa nayo ina hukumu yake. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A) kwamba mtu anayeikuta mali yake kama ilivyo kwa aliyefilisika ana haki nayo zaidi kuliko wengine. Kwa hiyo aliyeuza marobota ya vitambaa kwa mkopo, akayakuta yangali yamefungwa na hajapokea chochote katika thamani yake, anaweza kuyarudisha. Hii ni kauli ya jamhuri. Mahanafi wanamhesabu kama wadai wengine.

Na kitu kilichowekwa rahani, aliyekishika rahani hutangulia katika thamani yake. Kikizidi, ziada huenda kwa wadai wengine. Kwa hiyo mzee anayeweka hati ya nyumba rahani ajue kwamba ameitoa nyumba ile katika ulinzi tutakaoutaja, kwa mkono wake mwenyewe. Watoto mnaosoma, wasomeeni wazazi karatasi kabla hawajatia dole gumba.

ANACHOACHIWA

Sasa tufike kwenye kiini. Wanachuoni wote wamekubaliana kwamba muflisi havuliwi nguo. Anaachiwa mavazi yanayomstahiki mtu wa mfano wake, naye pamoja na wale anaowajibika kuwalisha wanatumia katika mali ile mpaka siku ya kugawanywa. Baada ya hapo wamehitilafiana, na khitilafu yao ina mafunzo.

Sisi wa Afrika Mashariki wengi wetu ni Mashafi. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho makadhi wa pwani wamekitegemea kwa vizazi vingi, nyumba na mtumishi wa muflisi huuzwa hata kama anavihitaji. Anachoachiwa ni seti ya nguo: kanzu, suruali, kilemba na viatu, na wakati wa baridi anaongezewa joho, pamoja na chakula cha siku ya mgao kwa ajili yake na wanaomtegemea. Hoja yao ni ile hadithi ya matunda: wadai waliambiwa wachukue walichokikuta. Na nyumba, wamesema, inaweza kupangwa. Lakini wakaongeza upande wa huruma: halazimishwi baada ya hapo kwenda kufanya kibarua ili alipe baki.

Imam Ahmad ameona vingine. Nyumba ambayo mtu hana budi nayo haiuzwi. Ibn Qudama katika al-Mughni ameinasibisha kauli hii pia kwa Abu Hanifa na Is-haq, akaeleza kwamba nyumba ni haja ya lazima kama nguo na chakula. Kuhusu hadithi ya matunda amejibu kwamba ni kisa cha mtu mmoja, na huenda hakuwa na nyumba. Hata hivyo hakufungua mlango wa hila. Nyumba ikiwa ni kubwa kuliko haja yake, inauzwa, ananunuliwa inayomtosha, na kilichozidi wanapewa wadai. Mtu mwenye ghorofa hawezi kusema, "Hii ni nguo yangu."

Tuje kwenye vyombo vya kazi, na hapa ndipo cherehani ya yule baba. Mahanbali wamesema fundi anaachiwa chombo cha ufundi wake, na mfanyabiashara asiyejua kazi nyingine anaachiwa mtaji mdogo wa kufanyia biashara. Katika madhehebu ya Imam Malik, Khalil katika Mukhtasar yake ametaja kwamba kuna kusitasita juu ya kuuza chombo cha fundi. Yaani jambo hili liliwashughulisha hata waliokuwa wakali. Na hekima yake iko wazi: ukimchukulia fundi cherehani umepata thamani yake mara moja, lakini umeiua njia ya kulipwa iliyobaki, na umewageuza watu wanaokula kwa jasho lao kuwa ombaomba wa mlangoni mwa msikiti.

Na vitabu je? Sisi wanafunzi tunalo fungu letu. Wapo wanachuoni wa Kishafi waliosema vitabu vya mwanachuoni huachwa. Khalil amesema huuzwa, na hata nguo mbili za Ijumaa huuzwa zikiwa na thamani kubwa. Natamani kila mwenye kanzu ya bei kubwa na deni la mwaka juzi aisome kauli hii mbele ya kioo. Kwa zama zetu, kompyuta ambayo mwanafunzi anaandikia tasnifu yake inafanana na kitabu na chombo cha kazi. Simu ya pili, au simu ya bei kubwa ilhali ndogo ingetosha, haifanani navyo.

Kwa hiyo nilimjibu ndugu yetu hivi: mdai mmoja hana haki kabisa ya kuja kuichukua cherehani kwa mkono wake. Ikiwa cherehani hiyo ndiyo chombo cha pekee cha kazi, kauli ya kumwachia ina hoja yenye nguvu na wanachuoni wakubwa wameisema. Lakini kama baba ana cherehani tatu na anatumia moja, mbili ni haki ya wadai, na asizifiche kwa jirani.

SHERIA ZA NCHI ZINASEMAJE?

Hapa Burundi hatuna mahakama ya kadhi yenye nguvu za serikali. Hata Kenya, ambako Katiba ya 2010 katika kifungu cha 170 inawatambua makadhi, kazi yao ni mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Madeni ya biashara hayamo. Kwa hiyo nani atakayeyasimamia haya tuliyoyasema?

Ukweli ni kwamba wazo lenyewe si geni katika sheria za majirani zetu. Tanzania, katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya 1966, kifungu cha 48, imeorodhesha vitu visivyokamatwa katika kutekeleza hukumu ya deni: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko ya mdaiwa, mkewe na watoto, zana za fundi, na kwa mkulima, zana za kilimo, mifugo na mbegu anazohitaji ili aendelee kulima, na pia nyumba anayokaa na familia yake. Kenya ilipata Sheria ya Ufilisi mpya mwaka 2015, nayo inamruhusu muflisi kubaki na zana za lazima za kazi yake. Ukiisoma orodha ile ya Tanzania ukasoma na Ibn Qudama, utaona watu waliotengana kwa karne nyingi wamefika mahali pamoja: mtu aachiwe cha kuvaa, pa kulala na cha kufanyia kazi.

Kwetu, taratibu za kufilisika mahakamani zimewekewa mfanyabiashara, na mahakama ya biashara iko hapa hapa Bujumbura. Mwenye mzazi aliyefikishwa huko asikae kimya kwa aibu. Aende kwa wakili, au awaulize ndugu zetu wanaosoma sheria, ajue kipi kinalindwa kabla dalali wa mahakama hajafika. Aulize pia ndoa ya serikali ya wazazi wake inaihesabuje mali ya mke na mume, kwa sababu hakimu wa nchi atahukumu kwa sheria hiyo. Kujua haki yako na kuidai kwa njia iliyo wazi si kukimbia deni.

Na kabla ya mahakama iko sulhu. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Kaab bin Malik (R.A) alimdai Ibn Abi Hadrad ndani ya msikiti mpaka sauti zao zikapanda. Mtume (S.A.W) akafunua pazia la chumba chake, akamwashiria Kaab aondoe nusu ya deni. Kaab akakubali, na Mtume akamwambia mwenzake asimame alipe. Tazameni uadilifu huo: mdai ametakiwa asamehe, na mdaiwa ametakiwa alipe papo hapo. Imamu na wazee wa mtaa wanaweza kufanya hivi leo bila ya kungoja serikali. Wawakalishe wadai wote pamoja, madeni yaandikwe, kinacholindwa kitengwe, kinachouzwa kiuzwe kwa bei ya haki, na wagawane.

ULINZI HUU SI PANGO LA KUJIFICHA

Ndugu zangu, kila ulinzi una watu wanaoutumia vibaya. Mtume (S.A.W) amesema, kwa mapokezi ya Bukhari na Muslim, kwamba mwenye uwezo kuchelewesha kulipa ni dhuluma. Anayeandikisha kiwanja kwa jina la shemeji wiki moja kabla ya kutangaza kwamba hana kitu, huyo si muflisi, ni dhalimu. Wanachuoni wa Kimaliki wameona kwamba mtu ambaye madeni yamekwisha izunguka mali yake, zawadi anazozitoa wadai wanaweza kuzizuia hata kabla hakimu hajamwekea hajri.

Tena, mali ikishagawanywa, deni lililobaki halifutiki kwa kupita miaka. Linabaki katika dhima mpaka lilipwe au lisamehewe. Katika mapokezi ya Muslim, shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Na Bukhari amepokea habari ya maiti aliyeletwa asaliwe akiwa anadaiwa dinari tatu, Mtume (S.A.W) hakumsalia mpaka Abu Qatada (R.A) alipojitwika deni lile. Basi muflisi aachiwe cherehani yake, naye ashone kwa nia ya kulipa.

Na wewe mdai, fahamu kwamba kumwongezea aliyeshindwa faranga juu ya faranga kwa sababu ya kuchelewa ndiyo riba yenyewe ya zama za ujahilia: ulipe au uongezewe. Aya ile ya kumngojea mwenye dhiki imekuja moja kwa moja baada ya aya za kukataza riba, na aya ya 279 imekupa rasilimali yako tu. Kwa upande mwingine, Muslim amepokea kwamba anayempa muhula mwenye dhiki au akamsamehe, Allah atamweka katika kivuli chake. Msamaha wako ni biashara, na mnunuzi wake hafilisiki.

SISI TUFANYE NINI?

Kwanza, tuandike madeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Mwanafunzi anayekopeshana na mwenzake chumbani aandike, hata kama ni faranga elfu tano za fotokopi.

Pili, tuikumbuke zaka. Suratut Tawba, aya ya 60, imewataja wenye madeni kuwa miongoni mwa mafungu manane. Tunapokusanya zaka na sadaka katika jumuiya yetu, macho yetu huenda kwa mafukara na masikini peke yao. Abu Ubayd katika Kitabul Amwal amepokea kwamba Umar bin Abdul Aziz aliwaandikia maliwali wake wawalipie wenye madeni. Wakamjibu kwamba wanamkuta mtu ana nyumba, mtumishi, farasi na vyombo. Akawajibu kwamba Mwislamu hana budi awe na nyumba ya kukaa, mtumishi wa kumsaidia, farasi na vyombo vya nyumbani. Basi alipiwe, kwani ni mwenye deni. Hakungoja mtu auze godoro ndipo amhesabu kuwa anastahiki. Napendekeza jumuiya yetu itenge fungu, hata likiwa dogo, kwa ajili ya mwanafunzi ambaye mzazi wake amefilisika katikati ya mwaka wa masomo, na lisimamiwe kwa siri ili heshima yake ilindwe.

Tatu, tulinde ndimi zetu. Muflisi hupoteza mali, na mtaa humpokonya jina pia. Hakuna kauli ya mwanachuoni yeyote iliyoigawa heshima ya mdaiwa kwa wadai wake. Mtoto wa aliyefilisika yumo humu darasani pamoja nasi, anasikia tunavyocheka.

Na hapa tukumbuke hadithi ambayo Imam Muslim ameipokea. Mtume (S.A.W) aliwauliza sahaba zake kama wanamjua muflisi. Wakataja asiye na dirhamu wala vyombo. Yeye akawaeleza juu ya mtu wa umma wake atakayekuja siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, akamsingizia huyu, akala mali ya huyu, akampiga huyu. Wote hao watapewa katika mema yake, na yakiisha kabla hawajalipwa, atatwikwa makosa yao, kisha atupwe motoni.

Tafakarini tofauti ya mahakama mbili. Hapa duniani muflisi huachiwa nguo, chakula, na kwa kauli tuliyoiona, nyumba na cherehani. Kule hakuna orodha ya vilivyolindwa. Hakuna rakaa itakayotengwa wala Ramadhani itakayosalia. Basi mdaiwa aliyeficha na mdai aliyedhalilisha, wote wawili walipane hapa, ambapo bado kuna cha kuachiwa.

Ewe Mola wetu, tujikinge Kwako na mzigo wa deni na kushindwa na watu. Walipie waliolemewa katika wazee wetu, walainishie nyoyo wanaowadai, wabariki kwa kingine waliosamehe, na utujaalie tukutane Nawe hatuna deni la mja shingoni. Amin.